Moyo wa Kaka Athumani

Kambi ya reli, Dodoma

Mdogo wangu Mwajuma, mama Tatu,

Kabla hujasoma zaidi ya mstari huu, nenda kwa Mama, upige magoti, umwambie Rajabu wake anamshika miguu kutoka Ugogo. Akiuliza kama ni mzima, mwambie ni mzima. Kisha rudi ndani ukae peke yako, maana yaliyobaki ni yako kwanza.

Hujambo lakini? Tatu hajambo? Ameshaota meno? Mimi naamka, nakula, nafanya kazi yangu ya kufua nguo za hospitali. Kuna jambo la kifua changu nitakalokueleza mbele, lakini si la kukuliza sasa hivi.

Barua yako nimeipokea mkononi mwa tarishi, imelowa jasho pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Namwombea Baba rehema kwa kukupeleka chuoni pamoja nasi, wakati watu walipomcheka kwamba anamfundisha binti kuandika. Yako mambo ambayo mtu hawezi kumwambia ndugu yake kwa kinywa cha msomaji wa kuazima.

Umeniuliza kama ni kweli Kaka Athumani amefariki, kama wapagazi walivyosema hapo sokoni. Ni kweli, Mwaju. Inna lillahi. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikujua nitaandikaje namna alivyofariki, na nililolifanya baada yake. Umeniuliza pia kwa nini sirudi nyumbani. Na mwisho wa karatasi, kwa mwandiko mdogo kama mtu anayenong'ona, umeniambia kwamba vitambaa anavyofungwa Tatu vinageuka vyeusi ukivitia sabuni, kwamba mkwe wako mkaza mjomba anasema umezaa mtoto mwenye laana, na kwamba mumeo Selemani siku hizi analala kwa mama yake. Ukasema Mama alipokiona kitambaa kimoja alijifuta macho, akaondoka bila neno.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilidhani umeniuliza mambo matatu, kumbe ni jambo moja. Nitakusimulia toka mwanzo, nawe usiruke.

Unamjua Kaka. Alibeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani tangu sauti yake haijavunjika, na kila safari alirudi na masimulizi mengi kuliko mzigo. Reli ilipoanza kuja, akaniambia, "Sasa chuma kitabeba watu, basi twende tukakibebe chuma kwanza, kitukumbuke baadaye." Ndivyo tulivyofika Dodoma, yeye akaingia kwenye tuta la reli kubeba mataruma, vile vyuma vya kulalia reli, mimi nikapata kazi ya udobi kwenye hospitali ya kambi, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kukataa mizigo.

Nchi hii ukiiona utasema Mungu aliiacha kidogo aende kunywa maji. Ni uwanda mkavu wa miti ya miiba na vilima vya mawe yaliyopandana, na upepo unaovuma mchana kutwa mpaka nikianika shuka inakauka kabla sijaanika ya pili, halafu inajaa vumbi jekundu nalazimika kuifua tena. Maji wanachimba kwenye mchanga wa mto usio na maji. Wenyeji ni Wagogo, watu wa ng'ombe na uwele. Wanakaa kwenye nyumba za tembe, ndefu, fupi kwa kimo, zenye paa bapa la udongo. Ukipita mlangoni unasema "Mbukwa," nao wanakuitikia hata kama hawajawahi kukuona. Nilipofika niliwaona wakali. Sasa nawaona kama watu waliozoea kungoja mvua, basi.

Kaka alioa hapa. Nalisema hili polepole kwa sababu Mama halijui. Alimwoa binti wa mfugaji, jina lake Malogo, mrefu, mwenye maneno machache, anayekamua ng'ombe huku akiimba kwa sauti ya chini. Akasilimu ili waozeshwe. Kiswahili chake kinakwenda kwa fimbo, lakini kinafika. Kaka alimpenda kwa namna iliyonishangaza, yeye ambaye alikuwa hakai mahali. Aliniambia siku moja, "Rajabu, nimetembea dunia nzima nimbebee mtu mwingine mzigo. Nataka nyumba moja nibebe mwenyewe miti yake."

Lakini mwili wake ulikuwa umemzeekea mapema. Mgongo ulishikamana kama mti, hawezi kuinama kufunga viatu. Magoti yalilia. Tulidhani ni mizigo ya ujana. Kisha akaanza kusimama katikati ya tuta, ameshika kifua, akisema anapumzika tu. Mimi nilimwona mara mbili akiegemea taruma na midomo imepauka. Nikimwuliza anasema, "Vumbi la Wagogo linanikaba." Akicheka, nami nikicheka, na Mungu anisamehe kwa kicheko hicho.

Siku moja alianguka kabisa. Alikuwa anapanda tuta na wenzake wanne, wamebeba chuma, akasema "Shikeni," akalala chini kama mtu aliyekatwa kamba. Hakupata jeraha, kwa kuwa wenzake walikishika kweli. Walimleta hospitali kwenye machela. Alipofika alikuwa ameshazinduka, anaona haya.

Sasa sikiliza jambo la mkojo. Mwuguzi alimpa chombo asubuhi, akakisahau chini ya kitanda. Alasiri alipokuja kukitoa alirudi nyuma, akamwita Bwana Mganga kwa sauti, maana ndani ya chombo mlikuwa na kitu cheusi kama wino. Hapa kuna homa moja inaitwa homa ya mkojo mweusi, inaua Wazungu na Waswahili sawasawa, na watu wakisikia jina hilo wanahama na mikeka yao. Wagonjwa wawili wa karibu waliinuka wakatoka nje. Mimi nilikuwa mlangoni na kapu la nguo.

Bwana Mganga ni Mjerumani wa makamo, mwembamba, anaongea Kiswahili cha amri lakini anakiongea. Alimshika Kaka paji la uso. Hakuna homa. Akampa chombo kingine, akamwambia akojoe mbele yake. Mkojo ukatoka mweupe kama wa mtu yeyote. Bwana Mganga akakaa juu ya sanduku, akautazama muda mrefu, akatia humo magadi kidogo. Pale pale ukaanza kuwa wa kahawia kutoka juu kwenda chini, kisha mweusi.

Akanigeukia. "Huyu ni ndugu yako?"

"Ndiyo, bwana. Baba mmoja, mama mmoja."

"Na wewe mkojo wako je?"

Mwaju, nilijua. Mimi na Kaka tulijua tangu utotoni, na Mama alijua kabla yetu. Alitulea akitukataza kujisaidia karibu na ukuta uliopakwa chokaa, na nguo zetu alizifua peke yake huko bondeni, hakumpa mtu. Alituambia ni siri ya nyumba. Wewe ulizaliwa safi, kwa hiyo hakukuambia. Ndiyo sababu alilia alipokiona kitambaa cha Tatu. Usimlaumu. Alikuwa ameificha siri hiyo miaka yote, akadhani imekwisha na sisi, kumbe imerudi kwa mjukuu.

Nikamjibu Bwana Mganga, "Wangu pia, bwana."

Akatuvua mashati wote wawili. Akatazama macho yetu, akatuonyesha kwa kioo kidoa cha kahawia kwenye weupe wa jicho, upande huu na upande huu, ambacho mimi nilidhani ni vumbi la safari. Akashika masikio yetu akayakunja, magumu kama ngozi kavu. Halafu akachukua kibomba chake cha mti, akaweka ncha moja kifuani mwa Kaka na nyingine sikioni mwake. Alisikiliza kifuani, akasikiliza shingoni, akarudi kifuani. Nikamwona anafumba macho.

"Baba yenu na mama yenu ni ndugu?" akauliza.

Kaka akasema, "Mama ni binti wa mjomba wake Baba. Kwetu ndivyo watu wanavyooana, bwana, ili ng'ombe na maneno visitoke nje."

Bwana Mganga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akatueleza, nami nitakuandikia kama nilivyomwelewa, maana nilimwomba arudie mpaka akachoka. Alisema chakula cha mtu, hasa nyama, kikiingia mwilini huvunjwavunjwa mpaka kikaisha. Mwili wetu sisi unakivunja mpaka mahali fulani, halafu unakiachia njiani. Kinachobaki ni kitu kama wino. Kingine hutoka na mkojo, nacho kikikaa hewani au kikikutana na sabuni au magadi huwa cheusi. Kingine hakitoki. Kinaganda polepole, mwaka hadi mwaka, kwenye masikio, kwenye mgongo, kwenye magoti, na wengine kinaganda kwenye mlango wa moyo, pale damu inapotokea kwenda kwenye mshipa mkubwa. Mlango unakuwa mgumu, haufunguki vizuri. Moyo unasukuma kama mtu anayesukuma mlango uliovimba masika.

"Ni uchawi?" Kaka akauliza. Aliuliza kwa mzaha, lakini nilimsikia hamaanishi mzaha.

"Hapana. Ni urithi. Baba ana nusu, mama ana nusu, wao hawaumwi. Mtoto akipata nusu zote mbili, ndiye huyu. Watu wasio ndugu ni shida kukutana wote wanazo. Watu wa damu moja ni rahisi. Hata kwetu Ulaya wapo, wachache sana. Nimesoma habari zao, sijawahi kuwaona. Na leo nimepata wawili."

"Na dawa yake, bwana?"

"Dawa sina. Hakuna mtu aliye nayo. Usibebe kitu. Usipande. Punguza nyama. Kaa kitako, utaishi."

Kaka akatutazama sote wawili, akasema, "Kukaa kitako ndiyo kazi pekee ambayo sikujifunza."

Alijaribu, sitamsingizia. Aliacha tuta. Akawa anakaa mlangoni kwa Malogo, anachonga mipini ya majembe na kuwachekesha wakwe zake. Jumapili nilikwenda kula naye ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na tulikuwa tunazungumza habari za nyumbani mpaka Malogo anasema, "Nyie mmekaa hapa, lakini hampo." Alikuwa na kweli. Tulikuwa Tabora, tunatafuna matobolwa ya Mama, viazi vyake vya kukausha, na karanga, tunaokota uyoga kwenye miyombo baada ya mvua ya kwanza, tunalamba asali kwenye gome la mti. Kaka alisema siku reli itakapofika atapanda gari na mkewe, ashuke amevaa kanzu nyeupe, Mama asimtambue.

Kisha wingu likaonekana upande wa mashariki, la kwanza kwa miezi mingi. Wagogo wote wakapanda juu ya mapaa kuongeza udongo, kwa kuwa tembe lisilokandikwa mvua ikilipata linaanguka juu ya watu. Malogo alikuwa na mimba kubwa. Kaka akasema hawezi kumwangalia mke wake anapandisha udongo na yeye amekaa kama mgeni. Mimi nilikuwa kazini. Malogo ndiye aliyenisimulia. Kaka alipandisha makapu matatu. La nne alilifikisha juu, akalimwaga, akaketi ukingoni mwa paa, akamwambia, "Malogo, nimeuona mvua unakuja." Malogo alicheka kwa sababu Kaka alikuwa akimwigiza Kiswahili chake. Alipoinua macho, Kaka alikuwa amelala chali, mkono mmoja juu ya udongo mbichi.

Mvua ilinyesha alasiri ile, Mwaju. Paa halikuvuja.

Sasa nafika kwenye lile nililolificha. Tulimleta hospitali kwa sababu nilidhani labda amezimia kama mara ile. Bwana Mganga alisikiliza, akatoa kibomba, akanipa mkono. Halafu, nikiwa bado nimemshika Kaka mguu, akasema, "Rajabu, naomba nimfungue kifua. Nataka kuuona moyo wake. Nikiuona, nitajua wako utakuwaje."

Nilimwambia sisi ni Waislamu, maiti kwetu haikatwi. Akasema anajua, ndiyo maana anaomba, halazimishi. Nikatoka nje. Malogo alikuwa amekaa kwenye tope, hana habari na tope. Nikamweleza, nikitumaini atakataa ili nisikatae mimi. Akafikiri. Akaweka mkono juu ya tumbo lake.

"Moyo wake ukisema kitu," akaniambia, "utasema kwa ajili ya huyu?"

"Bwana Mganga anasema huenda."

"Basi afungue. Lakini arudishe. Mimi siziki mume nusu."

Nikaingia nikasema ndiyo. Niliamua mimi, mdogo wangu, nisimsukumie mjane. Kama kuna dhambi, ni yangu, nami namwomba Mungu na namwomba Mama wanisamehe.

Nilikataa kutoka. Nilisimama pale na beseni. Sitakuandikia yote. Nitakuandikia kwamba mbavu zake, pale zinapokutana na mfupa wa kifua, zilikuwa nyeusi kama mkaa, na hata Bwana Mganga mwenyewe alisema neno kwa lugha yao. Mlango wa moyo ulikuwa mweusi pia. Aliugusa kwa ncha ya kisu ukalia, tik, kama kijiwe. Tundu lililobaki la kupitishia damu lilikuwa jembamba, kidole changu kidogo kisingepita. Kwa tundu lile Kaka alikuwa amebeba chuma cha reli, na makapu manne ya udongo.

Bwana Mganga akachukua chupa pana ya kioo kutoka kwenye kabati, akamimina dawa yenye harufu kali.

Nikamwuliza, "Hiyo ya nini, bwana?"

"Ya moyo. Utakwenda Ulaya. Kitu kama hiki ni adimu mno, waganga wakubwa watauona na kujifunza."

"Bwana, tulikubaliana kufungua. Hatukukubaliana kuchukua."

"Ameshakufa, Rajabu. Hauhitaji."

"Mkewe anauhitaji. Yuko nje anangoja."

Akakasirika. Uso ulimwiva. Alisema mimi ni dobi tu, siwezi kuelewa thamani yake. Nikamwambia ni kweli mimi ni dobi, na kwa sababu hiyo mimi ndiye nitakayemwosha, na nitajua kama kuna kitu kimepungua. Sijui nilipata wapi ulimi huo. Askari alikuwa mlangoni, na kwa neno moja tu ningelala chini nikala kiboko. Niliweka beseni mezani, nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, nikangoja. Sikuishusha.

Tulisimama hivyo. Mwishowe akauweka moyo wa Kaka mikononi mwangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, mkubwa, kwa kusukuma mlango ule miaka mingi. Nikaurudisha mwenyewe mahali pake. Bwana Mganga akashona, polepole, akashona vizuri kama anashona mtu aliye hai. Alipomaliza akasema bila kunitazama, "Nitauchora, basi. Kuchora unaniruhusu?" Nikasema, "Chora, bwana." Alichora kwa kumbukumbu usiku huo huo, na picha alinionyesha baadaye.

Nikamwosha Kaka, nikamvika sanda. Waislamu wa kambi walikuja wachache, wengine walikataa waliposikia amekatwa, nami sikuwalaumu. Wagogo walikuja wengi. Baba mkwe wake aliongoza ng'ombe wake mbali na njia ili jeneza lipite. Amelala kwenye mwinuko, uso umeelekezwa kibla, na tuta la reli linaonekana kutoka pale.

Sasa haya mengine nataka umsomee Selemani. Mwite, akae, mkaza mjomba naye akipenda akae.

Selemani, ndugu yangu na shemeji yangu, salaam. Malogo alijifungua mwezi mmoja baada ya mazishi. Mtoto ni wa kiume. Nilikuwa nangoja kwa hofu, nikaomba mimi ndiye nifue kitambaa chake cha kwanza. Nilikitia sabuni. Nikatia magadi. Nikakiacha juani mpaka jioni. Kilibaki cheupe. Baba yake ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko sote, na mtoto ni mzima, kwa sababu mama yake ni Mgogo, hana damu yetu. Basi kama ni laana ingemwachaje mtoto huyu na kumpata Tatu? Tatu ameipata kwa sababu wewe umempa nusu na Mwajuma amempa nusu, na nyote wawili mmeitoa kwa babu yetu mmoja, baba wa Mama na mjomba. Hakuna aliyemwendea mchawi. Mwanamke huyu hakukuletea kitu ambacho hukuwa nacho. Ukimwacha kwa sababu ya kitambaa, itakubidi ujiache na wewe.

Usimchanje chale mtoto, wala usimpe dawa za kumtapisha. Haumwi. Atacheza, atakua, atakuwa mkaidi kama shangazi zake. Akifikia umri wangu mgongo utaanza kumsumbua. Msimpe mizigo ya kichwani akiwa msichana, hata kama wenzake wanabeba. Akisema kifua kinambana, mwaminini mara ya kwanza. Na akiolewa, aolewe mbali, na mtu ambaye babu zake hatuwajui. Usimwandikie Mwajuma talaka kabla sijafika nikakueleza kwa mdomo wangu. Ukishanisikia, fanya unaloona.

Mpaka hapo umsomee. Yanayofuata ni yako, Mwaju.

Bwana Mganga alinisikiliza na mimi. Anasema sauti iliyokuwa kifuani mwa Kaka iko kwangu pia, lakini changa. Naisikia mwenyewe nikipanda mwinuko wa makaburi, kama mtu anayekwaruza ukuta kwa ndani. Ndiyo maana sirudi kabla ya reli. Kutoka hapa mpaka kwetu kwa miguu ni kuvuka pori la Mgunda Mkali, siku nyingi za njaa ya maji, na Bwana Mganga anasema sitaufika upande wa pili. Nilijaribu mwezi uliopita bila kumwambia mtu. Niliondoka asubuhi na kifurushi kidogo, nikahesabu vilima viwili, katika cha tatu nikaona nyota mchana. Wafugaji walinirudisha juu ya punda. Malogo hakunigombeza. Alinipa uji tu, akasema, "Nyumbani hakukimbii."

Lakini nyumbani kunanikimbia, Mwaju, kila siku kidogo. Nimeanza kusahau uso wa Mama unapogeuka upande. Nakumbuka sauti yake ikiniita, lakini sipati rangi ya kitambaa alichokuwa anajifunga kichwani. Huku nikisikia mtu anaongea Kinyamwezi kwenye kambi namfuata nyuma kama mwizi, si kwa sababu nina shida naye, nataka tu aongeze maneno mawili. Upepo ukitoka magharibi nafungua shuka zote zikabiliane nao. Ni ujinga, najua. Upepo haubebi harufu ya miyombo mbali hivyo.

Kuhusu Mama, nakuachia wewe. Kama unaona anaweza kubeba habari ya kufunguliwa kwa Kaka, mwambie. Kama hawezi, mwambie tu alizikwa kamili, hakupungua kitu, na hilo nalo ni kweli.

Nisalimie mjomba, baba yake Selemani, umwambie sijasahau kwamba ndiye aliyenifundisha kupanga mzinga. Mkaza mjomba msalimie kwa heshima, hata kama hatapokea. Msalimie mwalimu wetu wa chuoni, na jirani yetu mfinyanzi aliyekuwa akitupa vyungu vyenye ufa tuchezee. Tatu mbusu pale nyuma ya sikio, sikio lingali laini bado. Malogo anawasalimu wote. Hajui mko vipi, lakini ananiuliza majina yenu na kuyarudia ili asikosee siku atakapowaona. Mtoto tumemwita Shabani, jina la Baba.

Nilikuwa nimeikunja barua hii, nimeifungua tena. Leo adhuhuri msimamizi wa kambi ya mbele amekuja kutafuta mpishi. Kambi hiyo iko pale reli inapoishia, inahama kila reli inaposogea, upande wa magharibi. Kazi ni ya kukaa jikoni, na mpishi husafirishwa kwenye behewa la maji, hatembei. Bwana Mganga amesema huko hakuna hospitali, nikizidiwa hakuna wa kunisaidia, na kwamba ningekuwa na akili ningebaki. Nikamshukuru. Alinipa chupa ndogo ya matone machungu na ile picha ya moyo aliyoichora, niwaonyeshe wakwe zako.

Malogo amekwisha kufunga vyombo. Mtoto yuko mgongoni. Tunaondoka kesho asubuhi. Reli ikisogea mwendo wa siku moja, na mimi nitakuwa nimesogea mwendo wa siku moja, nimekaa. Itachukua muda, labda masika mawili. Mwambie Mama aniwekee kitanda upande wa ukuta, nina mgongo usiopenda kugeuka.

Ni mimi kaka yako,
Rajabu bin Shabani